Saini ya XML inakubalika ndani ya kumbukumbu lakini inakataliwa baada ya kutumwa: nemspesi zinapotelea wapi?

Mtunza_Nyaraka

Ndugu wadau, naomba msaada wenu katika jambo linalohusu saini za kidijitali kwenye nyaraka za XML, hasa upande wa nemspesi (URI zinazotofautisha msamiati mmoja wa XML na mwingine).

Tunatengeneza mfumo wa Java unaotuma maagizo ya malipo kwa taasisi mshirika kwa njia ya SOAP (itifaki ya kutuma ujumbe wa XML ndani ya bahasha). Waraka hausomwi kutoka kwenye faili, bali tunaujenga ndani ya kumbukumbu kama mti wa DOM (waraka ukiwa katika umbo la nodi), elementi moja baada ya nyingine. Ukishakamilika tunautia saini kwa `javax.xml.crypto.dsig`, kisha mti huo unaandikwa kuwa maandishi kwa Transformer na kutumwa. Saini inakaa ndani ya elementi ya Agizo yenyewe, na Reference yake (sehemu ya saini inayotaja kilichosainiwa na hashi yake, yaani namba fupi inayokokotolewa kutokana na baiti) inaelekeza kwenye `#a1` ikiwa na hatua mbili: kwanza kuiondoa saini iliyomo ndani, kisha usanifishaji (kuuweka waraka katika umbo moja rasmi kabla ya kupiga hashi) wa aina ya Exclusive.

Nikihakiki saini mara tu baada ya kusaini, mti ukiwa bado kwenye kumbukumbu, inakubalika bila shida. Nikiuandika mti ule ule kwenye faili, nikausoma upya kwa kichanganuzi na kuhakiki kwa ufunguo ule ule, saini inakataliwa kwa maelezo kwamba hashi ya Reference hailingani. Mpokeaji naye anapata jibu hilo hilo. Nimehakikisha kwamba hakuna ujongezaji wa mistari unaofanyika wakati wa kuandika, na usimbaji ni UTF-8 pande zote mbili. Sehemu ya msimbo ni hii:

```
Element agizo = doc.createElementNS("urn:mfano:malipo", "m:Agizo");
agizo.setAttribute("Id", "a1");
agizo.setIdAttribute("Id", true);
Element kiasi = doc.createElementNS("urn:mfano:malipo", "m:Kiasi");
kiasi.setAttributeNS("http://www.w3.org/2001/XMLSchema-instance",
                     "xsi:type", "xs:decimal");
kiasi.setTextContent("45000.00");
agizo.appendChild(kiasi);
```

Nilivyoelewa, kazi ya usanifishaji ni kuhakikisha kwamba tofauti ndogo za uandishi haziathiri hashi. Iweje basi kitendo cha kuandika na kusoma tu kibadilishe matokeo?

TumbatuDev

Ndugu Mtunza_Nyaraka, pitia tena msimbo wako na utafute mahali ulipotangaza kiambishi `m` (sehemu ya jina iliyo kabla ya nukta mbili). Hutapaona, kwa sababu hapapo.

Katika DOM, jina la elementi na tangazo la nemspesi ni vitu viwili vinavyohifadhiwa mahali tofauti. Unapoita `createElementNS`, nodi inapewa URI yake, kiambishi chake na jina lake la ndani, na mambo hayo yanabaki ndani ya nodi hiyo hata kama hakuna `xmlns:m` popote kwenye mti. Tangazo lenyewe ni sifa, yaani nodi nyingine kabisa, na sifa hiyo ina nemspesi yake maalumu, `http://www.w3.org/2000/xmlns/`. DOM haikuundii sifa hiyo, wala hailalamiki unapoisahau.

Sasa njoo kwenye usanifishaji. Canonical XML ilielezwa kwa kufuata mfano wa data wa XPath (lugha ya kuchagua sehemu za waraka wa XML), ambamo kila elementi ina nodi za nemspesi kwa kila kiambishi kinachotambulika mahali hapo, kiwe kimetangazwa na elementi yenyewe au na mzazi wake yeyote. DOM haina nodi za aina hiyo. Kwa hiyo maktaba inayosanifisha mti wa DOM inalazimika kuzitambua nemspesi kwa kukusanya sifa za `xmlns` inazozikuta njiani kutoka kwenye mzizi kushuka chini, na kwa kuwa mti wako hauna hata sifa moja ya namna hiyo, maktaba inaona kwamba hakuna nemspesi iliyotangazwa. Baiti zilizopigwa hashi wakati wa kusaini zilikuwa hizi:

```
<m:Agizo Id="a1"><m:Kiasi xsi:type="xs:decimal">45000.00</m:Kiasi></m:Agizo>
```

Maandishi hayo, ukimpa mtu kama waraka unaojitegemea, kichanganuzi kinachojali nemspesi kitayakataa. Lakini Transformer ni mwungwana kuliko msanifishaji. Inapoandika mti, inaona elementi yenye URI ambayo haijatangazwa na inaongeza tangazo yenyewe. Mpokeaji anaposoma na kusanifisha, anapata hizi (nimekata mistari ili isomeke kwa urahisi):

```
<m:Agizo xmlns:m="urn:mfano:malipo" Id="a1"><m:Kiasi
xmlns:xsi="http://www.w3.org/2001/XMLSchema-instance"
xsi:type="xs:decimal">45000.00</m:Kiasi></m:Agizo>
```

Hizo ni baiti tofauti, kwa hiyo hashi nayo ni tofauti. Uhakiki wako wa ndani ya kumbukumbu ulikubalika kwa sababu ulirudia upungufu ule ule mara mbili, na matokeo mawili yenye upungufu mmoja yanalingana daima. Tiba ni kutangaza wewe mwenyewe kabla ya kusaini:

```
String X = "http://www.w3.org/2000/xmlns/";
agizo.setAttributeNS(X, "xmlns:m", "urn:mfano:malipo");
agizo.setAttributeNS(X, "xmlns:xsi",
                     "http://www.w3.org/2001/XMLSchema-instance");
agizo.setAttributeNS(X, "xmlns:xs",
                     "http://www.w3.org/2001/XMLSchema");
```

Angalia mstari wa mwisho kwa makini. Transformer ingeweza kukuokoa kwa `m` na `xsi`, lakini kwa `xs` isingeweza, kwa kuwa kiambishi hicho kimo ndani ya thamani ya sifa, na kwa Transformer `xs:decimal` ni herufi tu. Ina maana kwamba waraka mliokuwa mkiutuma ulikuwa na `xsi:type` isiyoweza kutafsiriwa na mtu yeyote, hata kama saini ingekuwa safi.

Ukitaka kuziona baiti halisi zinazopigwa hashi badala ya kuzikisia, weka sifa ya `javax.xml.crypto.dsig.cacheReference` kuwa kweli kwenye muktadha wa kuhakiki, kisha usome `getDigestInputStream()` ya Reference husika. Ningeomba kila anayeuliza swali la hashi isiyolingana aje na baiti hizo mkononi, za upande wa kusaini na za upande wa kuhakiki, kwani mara nyingi ukiziweka sambamba jibu linajionyesha.

Kasri_la_Msimbo

Maelezo ya mkuu TumbatuDev ni sahihi, ila kuhusu tiba tunatofautiana kidogo. Kutangaza kwa mkono kunafaa pale ambapo waraka una viambishi vitatu na mjenzi ni mmoja. Kwenye mradi ambamo watu kadhaa wanachangia vipande vya mti, mmoja akitumia `createElement` ya kawaida isiyo na nemspesi ndani ya mzazi mwenye nemspesi chaguo-msingi, mambo yanaharibika upya. Chukulia mzazi ametangaza `xmlns="urn:a"` na mtoto ameundwa bila nemspesi yoyote. Ndani ya kumbukumbu mtoto hana nemspesi. Akiandikwa vibaya, yaani bila `xmlns=""`, atakaposomwa upya atarithi `urn:a` na kuwa elementi nyingine kabisa. Akiandikwa vizuri, `xmlns=""` itaongezwa, nayo haikuwemo wakati wa kusaini. Kwa vyovyote vile umepoteza.

Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kuandika mti wote kuwa baiti, kuzisoma baiti hizo upya, na kuusaini mti uliosomwa. Kwa njia hiyo unachosaini kimeshapita kwenye mlango ule ule atakaopita mpokeaji. Gharama yake ni kwamba kwa muda fulani unakuwa na miti miwili kwenye kumbukumbu, jambo ambalo kwa agizo la malipo lenye kilobaiti chache si la kujadiliwa, lakini kwa waraka wa mamia ya megabaiti linahitaji kufikiriwa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia ukifuata njia hii. La kwanza, `DocumentBuilderFactory` ya Java kwa kawaida yake haijali nemspesi, kwa hiyo ni lazima uite `setNamespaceAware(true)` kabla ya kuunda kichanganuzi. La pili, ile alama uliyoiwekea sifa ya `Id` kwa `setIdAttribute` haiandikwi popote kwenye maandishi. Baada ya kusoma upya, sifa hiyo ni sifa ya kawaida tu, na Reference ya `#a1` haitapata kitu mpaka uiite tena kwenye mti mpya.

Ipo pia `normalizeDocument()` ya DOM ngazi ya 3, ambayo huongeza matangazo yanayokosekana moja kwa moja kwenye mti. Inafanya kazi, lakini inaweza kugusa mambo mengine ambayo hukukusudia, na kiambishi kilichomo ndani ya thamani haikioni.

Mtunza_Nyaraka

Nawashukuru sana, wakuu. Nimetangaza viambishi vyote na pia nimefuata ushauri wa kuandika na kusoma upya kabla ya kusaini. Sasa Agizo likiwa peke yake linahakikiwa vizuri hata baada ya kupita kwenye faili.

Hata hivyo limezuka jambo jingine. Baada ya kusaini, Agizo linahamishwa kwa `importNode` na kuwekwa ndani ya `soap:Body`. Mpokeaji anasema sasa Reference inalingana, lakini SignatureValue, yaani thamani ya saini yenyewe, haikubaliki. Ufunguo ni ule ule na cheti ni kile kile. CanonicalizationMethod (njia ya usanifishaji) ya SignedInfo, elementi inayobeba Reference ndani ya saini, niliiacha kuwa `http://www.w3.org/TR/2001/REC-xml-c14n-20010315` kama ilivyokuwa kwenye mfano niliouiga.

TumbatuDev

Ukiona Reference inalingana na SignatureValue haikubaliki, acha kuutazama waraka na uitazame SignedInfo. Hashi ya Agizo inakokotolewa kwa usanifishaji uliouandika kwenye Transforms (zile hatua za Reference), nawe uliweka Exclusive, kwa hiyo bahasha ya SOAP haikuisumbua. SignatureValue inakokotolewa juu ya baiti za elementi ya SignedInfo, zilizosanifishwa kwa njia iliyotajwa kwenye CanonicalizationMethod, na hapo uliweka Canonical XML ya mwaka 2001, ambayo wengi huiita Inclusive.

Katika Inclusive, unaposanifisha kipande cha waraka, kipande hicho kinabeba kila nemspesi inayotambulika mahali kilipo, hata kama hakiitumii. Wakati wa kusaini, SignedInfo ilikuwa ndani ya Agizo pekee, kwa hiyo ilianza hivi:

```
<ds:SignedInfo xmlns:ds="http://www.w3.org/2000/09/xmldsig#"
xmlns:m="urn:mfano:malipo" xmlns:xs="..." xmlns:xsi="...">
```

Baada ya kuingizwa kwenye bahasha, juu yake pameongezeka elementi iliyotangaza `soap`, na huenda na nyingine iliyotangaza `wsse` (kiambishi cha usalama wa SOAP). Msanifishaji wa mpokeaji, akifuata kanuni kwa uaminifu, anaziingiza zote kwenye lebo ile ile ya kufungulia. Hakuna aliyekosea katika kutekeleza kanuni, ila njia iliyochaguliwa haifai kwa waraka unaohamishwa kutoka muktadha mmoja kwenda mwingine. W3C, shirika la viwango vya wavuti, walitoa Exclusive XML Canonicalization mwezi Julai 2002 kwa ajili ya hali hiyo hasa. Badilisha CanonicalizationMethod iwe `http://www.w3.org/2001/10/xml-exc-c14n#` na tatizo litaisha.

Wapo wengine watakaosoma hapa wakiwa na tatizo la jirani yake. Kama Transforms zako zina hatua ya kuondoa saini peke yake, bila kutaja usanifishaji wowote, usidhani kwamba hakuna usanifishaji unaofanyika. Kanuni za XML Signature zinaagiza kwamba matokeo yakiwa bado ni seti ya nodi, yageuzwe kuwa baiti kwa Canonical XML 1.0, yaani Inclusive. Watu wengi wameitumia Inclusive bila kuiandika popote kwenye msimbo wao.

Kasri_la_Msimbo

Naongezea hapo hapo kuhusu Exclusive na ile `xs:decimal`, kwa sababu hili halitoi ujumbe wowote wa hitilafu na ndiyo maana linaniudhi.

Exclusive hutoa tangazo la kiambishi pale tu kinapoonekana kutumika, na maana ya kuonekana kutumika ni kuwemo kwenye jina la elementi yenyewe au kwenye jina la sifa yake. Kiambishi kilichomo ndani ya thamani, kama `xs` katika `xsi:type="xs:decimal"`, hakihesabiwi. Matokeo yake ni kwamba tangazo la `xmlns:xs` halimo kwenye baiti zilizosainiwa. Saini itakubalika likiwepo au lisipokuwepo, na itakubalika hata mtu wa kati akibadilisha `xs` ielekeze kwenye URI nyingine, jambo linalobadilisha aina ya data ya kiasi cha malipo. Kwa wanaotumia SAML (kiwango cha XML cha kuthibitisha utambulisho wa watumiaji), mfano huu wanaukuta kila siku kwenye AttributeValue zenye `xsi:type="xs:string"`.

Dawa yake imo ndani ya kanuni yenyewe: elementi ya InclusiveNamespaces yenye orodha ya viambishi vya kushughulikiwa kama ilivyo kwenye Inclusive. Kwa Java ni hivi:

```
fac.newTransform(CanonicalizationMethod.EXCLUSIVE,
    new ExcC14NParameterSpec(List.of("xs")));
```

Ikiwa kiambishi kilichomo ndani ya thamani kinategemea nemspesi chaguo-msingi, andika `#default` kwenye orodha. Orodha hiyo iwe fupi kadiri inavyowezekana, kwani kila kiambishi unachokiongeza kinairudisha saini yako kwenye utegemezi wa muktadha ule ule uliokuwa ukiukimbia. Na kiambishi unachokitaja ukitangaze kwenye elementi unayoisaini yenyewe, si juu yake.

Nanga_Majini

Samahani kwa kuingilia. Si rahisi zaidi kutangaza nemspesi zote kwenye mzizi wa bahasha na kutumia Inclusive kila mahali? Na kwa nini wasanifishaji hawavipi viambishi majina mapya ya kufanana, ili `m` na `ns2` zenye URI moja zitoe hashi moja?

Pwani_ya_C

Ndugu Nanga, swali lako la pili ndilo linaloonyesha ugumu wa jambo zima. Msanifishaji akibadilisha `m` kuwa `n0` kwenye majina ya elementi, viambishi vilivyomo ndani ya thamani, ambavyo hawezi kuvitambua bila skima (maelezo ya aina za data za waraka), vitabaki vikielekeza kwenye kiambishi ambacho hakipo tena. Waandishi wa Canonical XML waliamua kuviacha viambishi kama vilivyo kwa sababu hiyo. Ndiyo maana mfumo wa kati unaosoma waraka kuwa vitu vya JAXB (maktaba ya kugeuza XML kuwa vitu vya Java) na kuuandika upya, ukageuza `m` kuwa `ns2`, unaiua saini hata kama maana ya waraka haijabadilika hata kidogo. Kuhusu la kwanza, mpango wako utadumu mpaka siku mtu atakapoongeza kichwa kimoja kwenye bahasha.

Mimi nafanya kazi na libxml2, maktaba ya XML ya lugha ya C, na huko mambo yamepangwa tofauti na DOM ya Java. Kila nodi ya elementi ina vielekezi viwili: `ns`, kinachoonyesha nemspesi ya jina lake, na `nsDef`, orodha ya matangazo yaliyofanywa mahali hapo. Kielekezi `ns` kwa kawaida kinaelekeza kwenye kumbukumbu inayomilikiwa na `nsDef` ya mzazi fulani juu. Ukikata tawi kwa `xmlUnlinkNode`, ukalipandikiza kwenye waraka mwingine na kuufuta ule wa kwanza, vielekezi vya tawi hilo vinaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Ukibahatika, programu inaanguka pale pale. Usipobahatika, inasaini takataka. Ita `xmlReconciliateNs` mara baada ya kupandikiza, kabla hujafuta chochote. Wanaotumia lxml, maktaba ya Python iliyojengwa juu ya libxml2, wamebebewa mzigo huu na maktaba yenyewe, lakini wajihadhari na `cleanup_namespaces`: inafuta matangazo yasiyotumiwa na jina lolote, na `xs` yetu ni mojawapo, isipokuwa uitaje kwenye `keep_ns_prefixes`.

Kwa anayetaka kuandika msanifishaji wake, kishawishi cha kwanza ni kufuata mfano wa XPath neno kwa neno na kumpa kila mtoto nakala ya nemspesi zote. Waraka wenye elementi 100,000 na nemspesi 20 zinazotambulika kila mahali utakuwa na nodi 2,000,000 za nemspesi, karibu zote zikirudia jambo moja. Kinachohitajika ni rafu (stack) mbili. Moja inaweka yaliyotangazwa na nyingine yaliyokwisha kuandikwa kwenye matokeo, na zote mbili unazipunguza kila unapotoka kwenye elementi. Rafu ya pili ndiyo inayosahaulika. Tazama waraka huu:

```
<m:Fungu xmlns:k="urn:mfano:kodi" xmlns:m="urn:mfano:malipo">
<k:Namba>7</k:Namba><k:Namba>8</k:Namba></m:Fungu>
```

Katika Inclusive matangazo yote mawili yanabaki kwenye Fungu. Katika Exclusive, Fungu linabaki na `m` tu, na kila `k:Namba` inabeba `xmlns:k` yake, ya kwanza na ya pili vilevile, kwa sababu ya kwanza si mzazi wa ya pili. Ukisahau kuipunguza rafu unapotoka kwenye Namba ya kwanza, ya pili itakosa tangazo lake, na hashi yako itatofautiana na ya kila mtu duniani.

Usisahau pia mpangilio. Matangazo ya nemspesi hutangulia, yakipangwa kwa kiambishi, lile la chaguo-msingi likiwa mbele ya yote. Sifa za kawaida hufuata, zikipangwa kwa URI ya nemspesi kwanza na jina la ndani baadaye, wala si kwa kiambishi. Na URI ya nemspesi isiyo kamili, kama `../malipo`, ni sababu ya kukataa kusanifisha kabisa. Kanuni inaagiza hivyo.

Mtunza_Nyaraka

Nimebadilisha CanonicalizationMethod na kuongeza `xs` kwenye orodha, na mpokeaji amethibitisha kwamba sehemu zote mbili zinakubalika. Lililobaki ni kuhifadhi. Tunatakiwa kutunza maagizo yaliyosainiwa kwa ajili ya ukaguzi wa baadaye. Je, nikitoa Agizo kutoka kwenye bahasha na kulihifadhi lenyewe kwenye hifadhidata, saini itaendelea kuhakikika?

TumbatuDev

Kwa jinsi ulivyopanga sasa, ndiyo, kwa kuwa `m`, `xs` na `xsi` zote zimetangazwa kwenye Agizo lenyewe na usanifishaji wa pande zote mbili ni Exclusive. Hata hivyo, hifadhi bahasha nzima kama baiti, vile vile ilivyotoka au ilivyopokelewa, kwenye safu ya aina ya data ghafi. Baadhi ya hifadhidata zenye aina maalumu ya XML huuhifadhi waraka kwa umbo lao la ndani na kuuandika upya unapouomba, na nafasi tupu kati ya elementi zinaweza kupotea katika safari hiyo. Agizo lililotolewa kwenye bahasha liweke kwenye safu nyingine kwa ajili ya utafutaji, na mkaguzi akija, mhakikishie saini kwa kuzisoma zile baiti za bahasha.